Maana ya kutenganisha dini na dola katika serikali inayochaguliwa baada ya vita

Kutenganisha dini na dola ni mpango wa kikatiba ambapo serikali haina dini yake rasmi, haiwalazimishi raia kufuata sheria za imani wasiyoiamini, wala haiwapi watu haki kwa kuangalia wanakosalia. Dhana hii haimkatazi kiongozi kumtaja Mungu. Sisi wa Nairobi tunaliona hilo kila siku: wimbo wetu wa taifa ni sala, na utangulizi wa Katiba ya 2010 unatambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, ilhali Kifungu cha 8 kinatamka waziwazi kwamba hakutakuwa na dini ya taifa.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi serikali inapochaguliwa baada ya vita, kwa kuwa waliopigana jana huingia bungeni kila mmoja na hofu yake, huyu akiogopa kutawaliwa kwa sheria ya imani isiyo yake, yule akiogopa kunyang'anywa sheria anayoiona kuwa amri ya Mungu.

Sudan ndiyo mfano ulio karibu nasi, maana mkataba wake wa amani, kati ya serikali ya Khartoum na waasi wa Kusini, ulitiwa saini hapahapa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Jaafar Nimeiri, rais wa Sudan wakati huo, alikuwa ametangaza sharia, yaani sheria ya Kiislamu, mwaka 1983, na ingawa vita vilivyozuka mwaka huohuo vilikuwa na sababu nyingine, ikiwemo kuvunjwa kwa mamlaka ya Kusini ya kujitawala, sharia ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokwamisha mazungumzo kwa muda mrefu. Itifaki ya Machakos ya 2002, makubaliano ya awali ya mazungumzo hayo, iliruhusu Kaskazini kubaki na sharia na kuiondoa Kusini chini yake. Ugumu ulibaki Khartoum, mji mkuu wa wote, ndipo mkataba ukaagiza iundwe tume ya kulinda haki za wasio Waislamu jijini humo. Kwangu mimi kipengele hicho kinaeleza dhana hii kuliko hotuba nyingi, kwani swali lilikuwa zito na la kila siku: mama aliyekimbia vita Kusini, akapika pombe ya kienyeji Khartoum ili alishe wanawe, ahukumiwe kwa sheria ya nani?

Iraki ilichagua njia nyingine. Katiba yake ya 2005 inaufanya Uislamu kuwa dini rasmi, na kifungu hichohicho kinakataza sheria yoyote inayokiuka misingi ya demokrasia. Mvutano kati ya masharti hayo mawili huachiwa mahakama.

Sudan Kusini, ilipojitenga na kuwa nchi huru, ilitenganisha dini na dola katika katiba yake ya 2011. Hatua hiyo haikuizuia kurudi vitani Desemba 2013, kwani safari hii ugomvi ulikuwa wa madaraka, na viongozi wa makanisa, bila kushika hatamu za serikali, waliweza kuzikemea pande zote mbili na kuzisihi ziketi mezani.