Kampuni Binafsi na Uhuru wa Maoni: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Januari 2021, siku chache baada ya wafuasi wa Donald Trump kuvamia jengo la Bunge la Marekani, Facebook na Twitter zilimfungia akaunti rais huyo akiwa bado madarakani. Kwa kuwa viongozi wengi wa Ulaya hawakuwa na mapenzi makubwa naye, mtu angetarajia washangilie. Badala yake, msemaji wa Kansela Angela Merkel wa Ujerumani alisema hatua hiyo ina walakini, kwa sababu uhuru wa maoni ni haki ya msingi, na mipaka yake inapaswa kuwekwa na sheria iliyotungwa na bunge, si na wakuu wa kampuni. Kwa aliyezoea mabishano ya Kimarekani, kauli hiyo ni ngeni. Sehemu kubwa ya dhana potofu zilizoenea juu ya jambo hili, hata miongoni mwetu Afrika Mashariki, zimetokana na kuichukua sheria ya nchi moja na kuifanya kipimo cha dunia nzima.

Dhana: "Ni serikali tu inayoweza kuminya uhuru wa maoni, kampuni binafsi haiwezi"

Chimbuko la dhana hii linaeleweka. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanalikataza Bunge la nchi hiyo kutunga sheria inayopunguza uhuru wa kusema au wa vyombo vya habari. Mahakama za huko zimeshikilia kwamba katazo hilo linaifunga serikali katika ngazi zake zote, lakini halimfungi mtu binafsi wala kampuni. Ndiyo maana mwaka 2020 mahakama moja ya rufaa ilitupilia mbali madai ya Prager University, shirika la kihafidhina ambalo licha ya jina lake si chuo kikuu, kwamba YouTube imekiuka katiba kwa kuzibana video zake. Majaji walisema kwamba YouTube haigeuki chombo cha dola kwa sababu tu imefungua milango kwa umma.

Hata hivyo, huko huko Marekani msimamo haukuwa mmoja siku zote. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi iliyotoka Chickasaw, mji mdogo katika jimbo la Alabama ambao wote, kuanzia barabara hadi nyumba na maduka, ulikuwa mali ya kampuni ya kuunda meli. Muumini wa Mashahidi wa Yehova alikuwa ametiwa hatiani kwa kugawa machapisho ya dini yake kando ya barabara ya maduka bila ruhusa ya wenye mji. Mahakama ilimpa ushindi, ikieleza kwamba kadiri mwenye mali anavyoifungua mali yake kwa matumizi ya umma ili anufaike, ndivyo haki zake juu ya mali hiyo zinavyozidi kubanwa na haki za kikatiba za wanaoitumia. Katika miaka ya 1970 mahakama hiyohiyo ilirudi nyuma ilipoamua kesi za maduka makubwa ya kisasa, na tangu hapo kanuni ya Chickasaw imebaki finyu mno. Kwa hiyo anayesema kwamba kampuni haiwezi kuminya uhuru wa maoni anasimulia msimamo wa mahakama fulani katika kipindi fulani cha historia yake.

Nje ya Marekani mambo hubadilika zaidi. Ibara ya 20 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba sura ya haki za msingi inavifunga vyombo vyote vya dola na watu wote, na ibara ya 260 inaeleza kwamba neno "mtu" linajumuisha kampuni. Ibara ya 33 nayo inalinda uhuru wa kujieleza, na papo hapo inaondoa katika ulinzi huo propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Hii haina maana kwamba kila Mkenya aliyefutiwa chapisho atashinda kesi akienda mahakamani. Maana yake ni kwamba jibu la haraka la "hiyo ni kampuni binafsi, basi yamekwisha", ambalo huko Marekani hufunga mjadala, katika Kenya halifungi kitu. Katiba ya Afrika Kusini, katika kifungu cha 8, inafuata mkondo uleule kwa lugha ya tahadhari zaidi. Na Ujerumani, Julai 2021, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba masharti ya Facebook hayawezi kuipa ruhusa ya kufuta machapisho bila kumjulisha mwenyewe, wala kumfungia akaunti bila kumweleza sababu mapema na kumpa nafasi ya kujitetea.

Dhana: "Kampuni ikianza kufuta machapisho, imekuwa mchapishaji na inapoteza kinga yake"

Hili limerudiwa na wanasiasa wakubwa wa Marekani mpaka likaonekana sheria, ilhali sheria yenyewe ilitungwa ili kulizuia. Mwaka 1991 mahakama moja ya New York iliona kwamba kampuni ya CompuServe, ambayo haikuwa ikikagua maandishi ya watumiaji wake, haiwezi kuwajibishwa kwa kashfa zilizomo. Mwaka 1995 mahakama nyingine ya jimbo hilohilo iliona kwamba kampuni ya Prodigy inawajibika, kwa sababu yenyewe ilikuwa ikijitahidi kuondoa matusi. Aliyefanya usafi ndiye aliyeadhibiwa. Wabunge Chris Cox na Ron Wyden waliona upuuzi wa matokeo hayo, na mwaka 1996 kikapitishwa kifungu kinachojulikana kama Kifungu cha 230, ambacho kinasema mtoa huduma hatahesabiwa kuwa mchapishaji wa maneno ya mtu mwingine, na pia kinamlinda anapoondoa kwa nia njema kile anachokiona hakifai. Hakuna mahali popote katika kifungu hicho panapodai kwamba kampuni isiegemee upande.

Dhana: "Wanaofungiwa ni wa upande mmoja tu wa siasa"

Wahafidhina wa Marekani wanaamini ni wao. Watetezi wa Wapalestina wanaamini ni wao, nao wana hoja: tathmini huru iliyofanywa kwa ombi la Meta yenyewe, kampuni mama ya Facebook, na kutolewa mwaka 2022 ilionyesha kwamba maudhui ya Kiarabu yaliondolewa kupita kiasi ikilinganishwa na ya Kiebrania. Hata Waziri Mkuu wa Norway, Erna Solberg, alifutiwa chapisho Septemba 2016, alipoweka ile picha maarufu ya vita vya Vietnam ya mwaka 1972 inayomwonyesha msichana akikimbia uchi baada ya kuunguzwa na napalm, silaha ya moto. Mfumo wa Facebook uliona mtoto aliye uchi, haukuona historia. Picha ilirudishwa baada ya gazeti la Aftenposten na Wanorwe wengine kupiga kelele. Sina shaka kwamba upendeleo upo, lakini mara nyingi tatizo huwa ni haraka, mashine, na mkaguzi asiyeijua lugha anayoihukumu.

Dhana: "Kampuni ikifuta kitu, huo ni uamuzi wake yenyewe"

Hapa ndipo mjadala wa serikali dhidi ya kampuni unapovurugika, kwa sababu mara nyingi mkono wa serikali umo ndani ya glavu ya kampuni. Desemba 2010, baada ya WikiLeaks, tovuti ya kufichua siri, kuanza kutoa nyaraka za kibalozi za Marekani, Amazon iliiondoa kwenye seva zake, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, mara tu ofisi ya Seneta Joe Lieberman ilipouliza maswali. Ndani ya siku chache PayPal, Visa na Mastercard nazo zikasitisha kupitisha michango yake. Hapakuwa na hukumu ya mahakama yoyote dhidi ya WikiLeaks. Nchini Iceland kampuni ya kushughulikia malipo ya kadi ilibanwa: Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru mwaka 2013 kwamba Valitor ifungue tena njia ya michango. Ni vyema kukumbuka kisa hiki kila tunapodhani kwamba suala zima ni la mitandao ya kijamii. Anayeshika seva au njia ya malipo anaweza kumnyamazisha mtu kabisa, bila kufuta hata sentensi moja.

Mahakama ya Juu ya Marekani inalijua tatizo hili tangu mwaka 1963, ilipoikemea tume ya jimbo la Rhode Island iliyokuwa ikiwatumia wasambazaji wa vitabu barua za vitisho. Mei 2024, katika kesi ya chama cha wamiliki wa bunduki, majaji wote 9 walisema tena kwamba ofisa wa serikali hawezi kuitishia kampuni ili imwadhibu mtu kwa maoni yake. Lakini mwezi uliofuata, katika kesi ya Murthy dhidi ya Missouri, mahakama hiyo iliwakatalia walalamikaji kwa kuwa hawakuweza kuonyesha kwamba machapisho yao yaliondolewa kwa sababu ya shinikizo la serikali na si kwa sera ya kampuni. Kwa mawazo yangu ugumu wa kuthibitisha ndio faida kuu ambayo serikali huipata inapopitia mlango wa nyuma.

Afrika tumeshuhudia pia mvutano wa wazi. Mwezi uleule ambao Trump alifungiwa, Facebook iliondoa akaunti ilizosema zina uhusiano na Wizara ya Teknolojia ya Habari ya Uganda, na Rais Yoweri Museveni akajibu kwa kuufunga mtandao huo, siku mbili kabla ya uchaguzi wa Januari 14, 2021. Nigeria nayo iliifungia Twitter kuanzia Juni 2021 hadi Januari 2022, baada ya kampuni kufuta ujumbe wa Rais Muhammadu Buhari. Katika visa vyote viwili aliyeumia zaidi ni mwananchi wa kawaida, ambaye hakufuta kitu wala kufungia mtu.

Dhana: "Kampuni zikiacha kila kitu kipite, uhuru utaongezeka"

Mwaka 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliipelekea Facebook matangazo ya majaribio yenye matamshi ya chuki, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Yaliidhinishwa. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilikasirika na kuipa kampuni siku 7 za kujirekebisha. Katika taifa lililopitia ghasia za mwaka 2007 na 2008, hakuna aliyeuona huo kuwa ushindi wa uhuru. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba inayo mamlaka ya kusikiliza kesi ya Waethiopia wanaodai kuwa Facebook ilisambaza uchochezi wakati wa vita vya Tigray. Mmoja wao ni mwana wa profesa aliyeuawa baada ya machapisho kumtaja. Malalamiko yao ni kwamba kampuni haikufuta, na kwamba mfumo wake wa kupanga machapisho uliyapandisha juu yale ya chuki.

Dhana: "Asiyeridhika ahamie kwingine"

Parler, mtandao uliowapokea wengi waliohama Twitter, uliondolewa kwenye maduka ya programu ya Google na Apple na kwenye seva za Amazon katika siku chache za Januari 2021. Maneno mengi yaliyokuwamo yalikuwa mabaya, lakini hilo halibadili somo kuhusu ushindani: kuhamia kwingine kunahitaji ridhaa ya kampuni zilezile kubwa.

Dhana: "Masharti ni yaleyale kwa kila mtu"

Septemba 2021 gazeti la Wall Street Journal lilifichua kwamba Facebook ilikuwa na mpango wa ndani uliowakinga mamilioni ya watumiaji mashuhuri wasiguswe na ukaguzi wa kawaida. Tofauti nyingine ni ya kisheria na inategemea mahali. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, inayotumika kikamilifu tangu Februari 17, 2024, inazitaka kampuni zizingatie haki za msingi, ukiwamo uhuru wa kujieleza, zinapotekeleza masharti yao. Kila anayefutiwa chapisho lazima apewe sababu, awe na njia ya kukata rufaa ndani ya kampuni, na aweze kulipeleka shauri kwa chombo huru cha usuluhishi. Kampuni inayokaidi inaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka duniani kote. Tamko la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu la mwaka 2019 nalo linataka uwazi na njia ya rufaa pale maudhui yanapoondolewa, ila halina faini nyuma yake. Mswahili aishiye Hamburg akifutiwa video yake ana haki hizo zote kwa mujibu wa sheria. Nduguye wa Tanga akifutiwa video ileile, na kampuni ileile, sheria hiyo haimhusu.