Nini maana ya ufuatiliaji shirikishi wa mto

Ufuatiliaji shirikishi wa mto ni kazi ya wananchi wa kawaida kuupima mto wao wenyewe kwa vifaa rahisi, mahali palepale, kwa njia ileile, kwa siku walizokubaliana, na kuandika walichokiona. Uzito wote uko kwenye kurudia. Mtu akipita darajani mwezi wa nane akasema maji yamepungua, hajafuatilia kitu, ametoa maoni. Ni kama kadi ya kliniki ya mtoto: kilo za leo peke yake hazimwambii nesi mengi, mstari wa miezi kadhaa ndio unaosema.

Isichanganywe na ulinzi wa mto. Kukamata wanaolima kingoni, kutoza faini na kung'oa mabomba ni kazi ya wenye mamlaka ya kisheria. Mfuatiliaji anapima na kuandika, basi. Vikundi vingi hufa vikianza kujifanya mgambo, maana kesho yake hakuna jirani atakayekubali wapite shambani kwake.

Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina mzigo wa pekee, kwa sababu mito inaanzia huku. Maji ya milima ya Uporoto na Kipengere hushuka kwa Mbarali, Kimani, Chimala na mito mingine hadi Usangu, yakamwagilia mpunga, yakaingia ardhioevu ya Ihefu, ndipo Ruaha Mkuu uendelee kwenye Hifadhi ya Taifa Ruaha na hatimaye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Ruaha Mdogo unatoka Mufindi na kupita Iringa mjini, na mji huo unakunywa maji yake. Upande mwingine, Kiwira na Mbaka inashuka kutoka Rungwe kwenda Ziwa Nyasa kupitia Kyela.

Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Kila mkutano wa maji tangu hapo una wimbo mmoja: wa bondeni anamlaumu wa mlimani, mkulima anamlaumu mfugaji, mfugaji anailaumu skimu ya umwagiliaji, na skimu inailaumu mvua. Pasipo na namba anashinda mwenye sauti kubwa. Daftari la vipimo haliondoi ugomvi huo, lakini linaulazimisha uwe juu ya kitu kinachoonekana.

Kipimo cha kwanza ni wingi wa maji, na hiki watu hudhani kinahitaji mhandisi. Kinahitaji kamba, fimbo, simu yenye saa na chungwa. Chagua kipande cha mto kilichonyooka, pima mita 10 kando ya ukingo, weka kijiti kila mwisho. Mmoja anarusha chungwa katikati ya mkondo, juu kidogo ya kijiti cha kwanza. Mwingine anahesabu sekunde kutoka kijiti hadi kijiti. Chungwa linafaa kuliko chupa tupu kwa sababu linazama nusu, upepo haulisukumi, na likipotea hakuna anayelilia. Rudia mara kadhaa mpate wastani. Kisha pimeni upana kwa kamba, na kina kwa fimbo sehemu tano au sita kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.

Tuseme mto una upana wa mita 6 na kina cha wastani cha mita 0.3: eneo la mkato, yaani upana mara kina, ni mita za mraba 1.8. Chungwa limetumia sekunde 20 kwa mita 10, yaani nusu mita kwa sekunde. Zidisha 1.8 kwa 0.5 upate 0.9, kisha zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayokwaruza mawe ya chini. Jibu ni karibu mita za ujazo 0.77 kwa sekunde, sawa na lita 770. Si kipimo cha maabara, lakini kikifanyika vilevile kila mwezi kwa miaka mitatu, hakuna wa kukibeza.

Penye geji, ule ubao wenye alama za sentimita uliosimikwa ukingoni au kwenye nguzo ya daraja, mambo ni mepesi zaidi: soma kina saa moja asubuhi, andika, ondoka.

Tope hupimwa kwa mrija mrefu wa plastiki angavu wenye alama nyeusi na nyeupe chini yake. Jaza maji ya mto, chungulia kutoka juu, punguza maji taratibu mpaka alama ionekane, andika sentimita zilizobaki. Mvua za kwanza zikianza, wakati mashamba ya viazi ya Uporoto bado ni udongo mtupu, namba hiyo hushuka vibaya. Ukiona imeshuka katikati ya kiangazi bila tone la mvua, panda juu ukaangalie: kuna mtu anachimba mchanga, au mifugo imepata njia mpya ya kunyweshea.

Ninachokipenda kuliko vyote ni wadudu. Geuza jiwe lililo kwenye maji ya kasi, shika kichujio cha chai au kipande cha chandarua upande yanakoelekea maji, kisha mimina ulichonasa kwenye beseni jeupe. Akitokea mdogo wa rangi ya majani makavu, mwenye mikia mitatu myembamba kama nywele na vitamvua vinavyopepea ubavuni, furahi: huyo hupumulia vitamvua hivyo, na maji machafu humwondoa mapema. Yule anayejijengea kijumba cha changarawe na kutembea nacho ni ishara njema pia. Beseni likijaa minyoo myekundu na ruba watupu, mto unaumwa. Uzuri wa wadudu ni kwamba wameishi humo kwa wiki na miezi. Chupa ya maji inaeleza saa uliyochota, ila mdudu anakueleza yaliyopita usiku ule ambao hukuwepo. Wataalamu wa hapa nchini wana mfumo wao wa kuipa mito alama kwa wadudu, TARISS, uliotokana na ule wa Afrika Kusini, na huko Afrika Kusini kuna toleo jepesi, miniSASS, ambalo hata wanafunzi wanaliweza.

Lakini wadudu hawakuambii kama maji yanafaa kunywa. Vijidudu vya kinyesi vinahitaji maabara, na zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama ilivyo Chunya, haionekani kwa beseni wala mrija. Hapo daftari liandikwe wazi: hatukupima.

Usalama. Hakuna kipimo chenye thamani ya mtu. Msiende chini ya wawili, na maji yakivuka goti au yakiwa na kasi ya kukuyumbisha, hakuna kuingia. Siku hiyo andikeni "maji mengi, hatukuingia", nayo ni taarifa kamili. Kiwira unaweza kupanda ghafla huku kwenu jua linawaka, kwa sababu mvua imenyesha juu Rungwe, ambako kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000. Maji yakibadilika rangi ghafla na kuleta majani na vijiti, tokeni kwanza, mengine baadaye. Kwenye maji yaliyotulia yenye konokono kunaweza kuwa na kichocho, kwa hiyo buti za mpira si mapambo. Usangu na Ruaha ongeza mamba na viboko. Huko pimeni kutoka darajani. Mtu akizama, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Na kuna hatari isiyo ya maji: ukikuta pampu inavuta usiku, usibishane na mwenyewe kingoni. Andika mahali na saa, peleka kwa jumuiya ya watumia maji au serikali ya kijiji.

Kisha uhuishaji wa mto, yaani kuurudishia mto uhai wake, ambao wengi huuanza kabla ya kupima chochote. Mnaijua ile siku ya kupanda miti: fulana mpya, hotuba, picha, na kufika mwezi wa tisa mbuzi wamemaliza miche. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, lakini Iringa na Njombe mita hizo ndizo zenye vinyungu, zile bustani za mabondeni za kiangazi, na kinyungu ndicho kinachompa mama mboga na ada ya shule kiangazi chote. Anayemwambia aondoke bila kumwonyesha pa kulima anapoteza muda. Linalowezekana haraka ni kuacha ukanda mwembamba wa matete na majani palepale ukingoni, kuondoa milingoti (mikaratusi) kwenye chemchemi, kuipa mifugo njia moja ya kufikia maji, halafu ndipo kupanda miti ya asili kama mikuyu na mivengi. Hesabu ya kweli ni ya miche iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza.

Kuhusu posho niseme tu: nauli na buti zilipwe, kujitolea si kujigharamia. Kikundi kinachokutana kwa ajili ya posho kitaacha kupima mwezi ule mradi utakapokwisha, na daftari lenye pengo la mwaka mzima halimsaidii mtu.

Anayetaka kuanza aulize kwanza kama kuna Jumuiya ya Watumia Maji kwenye mto wake. Chombo hiki kinatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Bodi ya maji ya bonde la Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Nyasa Tukuyu, ya Ziwa Rukwa Mbeya. Wa Songwe waangalie vizuri, maana Songwe ziko mbili: ya mpakani na Malawi inaingia Nyasa, nyingine inaingia Rukwa. Ombeni mwonyeshwe kituo cha kupimia kilicho karibu, na mchague sehemu yenu isiwe mbali nacho, ili namba zenu zipate za kulinganishwa nazo.