HDL iko chini mno: maswali na majibu

Majibu ya damu yanasema HDL yangu, ile kolesteroli nzuri, ni 0.6. Niogope?

Kwanza tazama kizio kilichoandikwa kando ya namba. Kwa milimoli kwa lita, mwanaume anatarajiwa kuwa na 1.0 au zaidi, mwanamke 1.3. Maabara nyingine hutumia miligramu kwa desilita. Huko mipaka ni 40 na 50, na 0.6 yako ingesomeka 23 hivi. Kwa hiyo ndiyo, iko chini sana. Ikishuka chini ya 20 kwa miligramu, daktari makini hawezi kuishia kukuambia upunguze mafuta, atatafuta kinachoishusha.

Hiyo HDL ina kazi gani?

Hukusanya kolesteroli iliyozidi kwenye seli, zikiwemo za kuta za mishipa ya damu, na kuirudisha kwenye ini.

Nini huishusha?

Mara nyingi ni trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu. Mtu mwenye kitambi, kisukari cha aina ya pili au asiyeushughulisha mwili, trigliseridi zake hupanda na HDL hushuka, kama pande mbili za mizani. Basi soma na mstari huo kwenye karatasi yako. Sigara nayo inachangia.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulificha mpaka waulizwe: steroidi za kutunisha misuli. Hasa zile za vidonge, zinaweza kuikata HDL kwa zaidi ya nusu ndani ya wiki chache tu. Ukiulizwa, sema. Daktari hakuulizi ili akuaibishe, na ukificha utaishia kufanyiwa vipimo visivyo na sababu.

Maambukizi makali, malaria ikiwemo, pia huiangusha kwa muda. Kama ulipimwa ukiwa mgonjwa, rudia kipimo wiki kadhaa baada ya kupona. Na mara chache saratani ya damu kama mieloma hutoa protini zinazovuruga kipimo chenyewe, mashine ikasoma HDL ya chini isiyokuwepo.

Yaweza kuwa ya kurithi?

Yaweza, ingawa aina kali ni adimu. Mwaka 1961 ulielezwa ugonjwa uliopewa jina la kisiwa cha Tangier, jimbo la Virginia, Marekani. Wenye ugonjwa huo karibu hawana HDL kabisa. Tonsili zao huwa na rangi ya machungwa, bandama huvimba, na wengine hupata ganzi miguuni na mikononi. Mwaka 1999 ilibainika kuwa chanzo ni hitilafu ya jeni iitwayo ABCA1. Upungufu wa kimeng'enya cha LCAT, nao wa kurithi, hutia ukungu kwenye konea, utando angavu wa mbele ya jicho, na unaweza kuharibu figo. Ndiyo maana mtu mwenye HDL ya chini kupindukia hukaguliwa koo, macho, tumbo na mkojo.

Lakini wapo watu wa Limone sul Garda, Italia, waliorithi HDL ya chini bila kuonekana kuugua moyo zaidi ya wenzao.

Kuna dawa ya kuipandisha?

Zipo zinazopandisha namba, ila namba si moyo. Torcetrapib iliipandisha HDL vizuri sana, lakini mwaka 2006 jaribio lake lilisimamishwa kwa sababu waliopewa dawa hiyo walikufa wengi kuliko wasiopewa. Niasini (vitamini B3) ilipoongezwa juu ya statini, dawa za kushusha kolesteroli, nayo haikuleta nafuu iliyotarajiwa. Mimi naichukulia HDL ya chini kama ishara ya hatari: itafute sababu yake, usiikimbize yenyewe.

Basi nifanye nini?

Acha sigara, HDL huanza kupanda ndani ya wiki chache. Tembea kwa kasi au fanya mazoezi mengine siku nyingi za wiki. Punguza sukari, vinywaji vitamu na wanga uliokobolewa, kwani hivyo ndivyo vinavyopandisha trigliseridi. Usikimbilie kufuta mafuta yote, maana mlo usio na mafuta kabisa unaweza kuishusha HDL zaidi. Badili tu yaliyoganda kwa mafuta ya mimea yasiyoganda. Pombe huipandisha kidogo, lakini hasara zake zinazidi faida hiyo.

LDL yangu, ile kolesteroli mbaya, ni ya kawaida. Mbona nimeandikiwa statini?

Kwa sababu daktari hahesabu LDL peke yake. Anajumlisha umri, shinikizo la damu, kisukari, sigara na HDL yenyewe, kisha anapunguza kile kinachopunguzika kwa uhakika, nacho ni LDL. Muulize hatari yako ya miaka 10 ijayo ni asilimia ngapi, na usiache vidonge kabla hamjazungumza.