Kile kitabu cha mwanamke mwenye utepe shingoni, na vingine vya kukunyima usingizi

Wateja wa vitabu vya kutisha wako wa aina mbili. Kuna anayekuja na "kaka nipe kitu cha kuniogopesha", halafu kuna yule wa "kuna kitabu nilisoma nikiwa primari, jina nimesahau, mwandishi simjui, ila kulikuwa na mwanamke ana utepe shingoni, mumewe akaufungua kichwa kikadondoka". Huyu wa pili ananichosha lakini ndo nampenda. Nauza vitabu vya mitumba hapa Dar miaka mingi na hilo swali la utepe linarudi kila mara, kwa hiyo ngoja nianze nalo.

Nikiulizwa hivyo cha kwanza nauliza utepe ulikuwa rangi gani. Watu wanacheka wanadhani natania. Ukiniambia kijani, na mke na mume wamezeeka pamoja, mke akawa mgonjwa kitandani ndo akakubali utepe ufunguliwe, basi nimeshamaliza kazi, hiyo ni In a Dark, Dark Room ya Alvin Schwartz ya 1984, kijitabu cha picha cha watoto wanaojifunza kusoma (ndiyo, cha watoto, Wamarekani wana mambo yao). Ukiniambia mweusi, na kuna mwanafunzi Paris usiku wa mvua kamkuta mwanamke amejiinamia chini ya gilotini, ile mashine ya kukata watu vichwa, hapo tumerudi hadi 1824 kwa Washington Irving. Na ukisema hapana bwana, ilikuwa riwaya nzima, utepe wenyewe wa mahameli, basi kuna ya Alexandre Dumas ya 1850. Mwanamke wa utepe yumo kwenye zote, kwa hiyo yeye peke yake hanisaidii kitu.

Hapo ndo watu wengi wanapokwama. Wanashikilia ile sehemu iliyowatisha, wakati ndo sehemu ambayo waandishi wanaazimana tangu enzi na enzi. Mimi nataka vile vitu unavyoona ni vya kijinga: kilikuwa na picha? Kiswahili au Kiingereza? Stori moja ndefu au mkusanyiko wa fupi fupi? Watu walikuwa na simu, au walitembea na farasi? Ulikisoma mwaka gani, na siku hiyo kilionekana kipya au kimeshachakaa? Mwaka uliosoma unanipa mwisho wa kutafuta, kitabu hakiwezi kuwa kimetoka baada ya hapo, na hilo tu linapunguza rundo kubwa.

Ukikumbuka stori moja ya kwenye mkusanyiko, nenda tovuti inaitwa ISFDB, wanaorodhesha stori zilizomo ndani ya mikusanyiko ya mambo ya kutisha na ya ajabu, unaiona stori moja imechapwa kwenye vitabu gani na mwaka gani. Ukikumbuka hata jina la mhusika au kijiji, Internet Archive inakuruhusu kutafuta ndani ya maandishi yenyewe ya vitabu walivyoskani. Programu za akili bandia nazo jaribu ila angalia, zinaweza kukutungia jina la kitabu na mwandishi vikasikika safi kabisa na havipo popote duniani, kwa hiyo ukipewa jina kalihakikishe kwanza kwenye katalogi ya maktaba.

Halafu kuna kumbukumbu inayodanganya kabisa. Mtu anakuja anaapa kuna kitabu cha Kiswahili cha mizimu kilimtoa jasho utotoni, tukichimbua tunakuta ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, 1960, ambacho ni upelelezi, Bwana Msa na kiko chake anawaza nani kaua. Jina la kitabu lilimtisha mtoto, mengine akajazia mwenyewe.

Sasa wewe wa "nipe cha kuniogopesha". Sikupi hadi uniambie unaogopa nini, maana damu nyingi inamchosha mtu anayeogopa ukimya. Kama una watoto wadogo na una roho ngumu, Pet Sematary ya Stephen King, 1983, paka anagongwa barabarani anazikwa pasipotakiwa, na King mwenyewe aliuweka kando mswada kwanza akiona amezidisha. Ukitaka kifupi cha kumaliza kabla umeme haujakatika, The Monkey's Paw ya W.W. Jacobs, 1902. Kuna mtu anabisha hodi usiku na wewe msomaji humuoni kabisa, na kwangu mimi hakuna zimwi lililochorwa vizuri likaufikia ule mlango.

Ila nikiambiwa nichague kimoja nachukua The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson, 1959. Kuna dada analala gizani anasikia sauti, kwa woga anaung'ang'ania mkono wa mwenzake, taa inawaka anakuta mwenzake yuko kitanda kile kingine. Basi, hakuna damu, hakuna maelezo, mkono ulikuwa wa nani hatuambiwi. Nyumba ukiwa peke yako usikisome, au kisome, shauri yako.

Kwa Kiswahili wengi hawaijui Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, 1977, kijana anarithishwa uchawi na baba yake. Inatisha kwa namna nyingine, kwa sababu mtu wa huku hahitaji kuambiwa ajifanye anaamini. Nakala za zamani zimekuwa adimu, ukiiona kwenye meza ya mitumba lipa kwanza, mambo ya kupunguziwa bei utaongea baadaye.