Agathe hakuuawa kwa kabila lake

Juzi nilikuwa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nanunua dagaa. Redio ikataja Aprili ya Rwanda, yaani mauaji ya kimbari ya 1994, na mama ninayenunua kwake siku zote akaniuliza, "Mwalimu, yule Waziri Mkuu wao si walimuua kwa vile alikuwa Mtutsi?" Kabla sijajibu, kijana aliyekuwa akifunga magunia akadakia kuwa yule ni mke wa Habyarimana, Rais wao wa wakati ule. Nimefundisha historia ya Maziwa Makuu miaka mingi na nimechoka kuyasikia haya mawili.

La kijana ni jepesi. Mke wa Habyarimana ni Agathe Kanziga. Agathe Uwilingiyimana, huyo Waziri Mkuu, ni mtu mwingine kabisa, wa kambi iliyompinga Habyarimana.

Alikuwa Mhutu, mzaliwa wa Nyaruhengeri, 1953, mwalimu wa kemia kule Butare. Mwaka 1992 chama chake cha upinzani, MDR, kilimpa uwaziri wa elimu, naye akafuta mgawo wa kikabila katika nafasi za shule: mtoto aingie kwa alama zake. Hilo lilimtengenezea maadui wa kudumu. Julai 1993 akawa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza Rwanda. Makubaliano ya Arusha, ya amani kati ya serikali na waasi wa RPF, yakasainiwa Agosti 4.

Sasa swali la mama. Naelewa kosa lake linakotoka. Mei 1994 maiti zilishuka na mto Kagera hadi Ziwa Victoria kwetu, watu wakaacha kula samaki. Wale walikuwa Watutsi kwa sehemu kubwa, waliouawa kwa kuwa Watutsi tu. Mtu aliyeyaona hayo humtia kila aliyekufa Aprili ile katika kapu moja. Lakini tazameni nani waliuawa asubuhi ya Aprili 7, saa chache baada ya ndege ya Rais Habyarimana kudunguliwa. Waziri Mkuu. Joseph Kavaruganda, mkuu wa Mahakama ya Katiba, ambaye ndiye angemwapisha rais mpya. Frédéric Nzamurambaho, kiongozi wa PSD, chama kingine cha upinzani. Wote Wahutu. Anayeua kwa ghadhabu hachagui vyeo hivyo. Wahutu wenye msimamo mkali walikuwa wanafagia kila mtu ambaye angeweza kusema serikali halali ingalipo.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Jenerali Dallaire wa UNAMIR, kikosi cha amani cha Umoja wa Mataifa, alimwambia Kanali Bagosora wa Wizara ya Ulinzi awasiliane na Waziri Mkuu. Bagosora akakataa, akisema wananchi hawana imani naye. Mpango ulikuwa Agathe aende Redio Rwanda kuzungumza na taifa. Askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumsindikiza walinyang'anywa silaha, wakapelekwa kambi ya jeshi ya Kigali, wakauawa. Agathe na mumewe walipigwa risasi. Alikuwa na miaka 40.

Kuna wanaolipindua jambo hili, na hao wananiudhi kuliko mama wa dagaa: "Mnaona, hata Wahutu waliuawa, basi hayakuwa mauaji ya kimbari." Hapana! Aliondolewa ili mauaji ya kimbari yapate serikali ya kuyaendesha. Siku mbili baadaye serikali hiyo ikaapishwa, na Waziri Mkuu wake, Jean Kambanda, alitoka MDR, chama kilekile cha Agathe kilichokuwa kimekwisha kupasuka.

Vitabu vingine humwita Agathe Rais wa saa chache. Mimi nina mashaka. Katiba ya 1991 ilimpa nafasi hiyo spika, na waliotwaa madaraka waliishika hoja hiyohiyo kumsimika spika Sindikubwabo. Wala siamini kwamba hotuba moja redioni ingewarudisha nyuma Walinzi wa Rais. Huenda ingewapa nguvu maofisa waliokuwa hawajaamua, na hilo peke yake ndilo waliloliogopa.

Mama alinyamaza, akaongeza kopo moja juu ya dagaa zangu, akauliza, "Na watoto?" Walikuwa watano, wamefichwa. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiye na silaha, aliwaokoa kwa kuwasafirisha kisirisiri. Wakaenda kuishi Uswisi. Kapteni mwenyewe aliuawa Kigali Mei 31, mwaka huohuo.