"Nimemziba uso, yuko salama," na uongo mwingine wa mezani kwangu

Neno hili wiki hii nimelisikia mara nne. Kijana ninayemfundisha uandishi wa habari ananiletea video ya mama muuza makala wa Goma, mashariki mwa Kongo (makala kwa Kiswahili cha huko ni mkaa, si hii unayosoma), uso umefunikwa ukungu mzito, naye anasema kwa fahari: "Nimemziba uso, yuko salama."

Hayuko salama. Umemficha kwa mtazamaji wa Brussels, ambaye hata angemwona waziwazi asingemjua. Jirani yake alishamtambua kabla hajafungua mdomo: kwa kitenge, kwa namna anavyopanga mafungu, kwa ukuta wa mawe meusi ya volkano wenye mlango wa bluu. Kisha akafungua mdomo, nawe sauti umeiacha kama alivyozaliwa nayo. Kuinenesha kwa programu si kinga; ulichonenesha kwa kitufe, mwenzako ataking'oa kwa kitufe. Kumpiga picha akiwa amegeuzia dirisha mgongo ili aonekane kivuli? Mara nyingi ukipandisha mwanga kidogo tu, pua na mashavu hivyo vimerudi. Na huo ukungu wenyewe, angalia fremu moja moja. Alipogeuka kumrudishia mteja chenji, ukungu ulichelewa, uso ukabaki wazi. Anayemtafuta anahitaji fremu moja tu.

Wengi hudhani hatari iko kwenye picha za mapigano. Askari kesho yuko Sake au Walikale. Muuza makala kesho yuko palepale, kwenye meza ileile. Tena habari ya maisha ya kila siku huwa nzuri kwa sababu imejaa vitu vyake yule mtu, na hivyo hivyo ndivyo vinavyomchongea.

Halafu kuna suala la muda, ambalo sijui kwa nini linawapita. Waasi wa M23 waliingia Goma Novemba 2012, wakatoka baada ya siku chache, wakaushika mji tena mwishoni mwa Januari 2025. Video haihami mji unapobadili mikono. Mkimbizi aliyekaa mbele ya hema kwenye kambi ya Bulengo, nje ya Goma, mwaka 2023 akaeleza nani alimfukuza kijijini, alikuwa akisema mji ukiwa mikononi mwa upande mmoja. Februari 2025 kambi za kuzunguka Goma zikatakiwa kuhamwa, watu wakabeba magodoro wakarudi Masisi na Rutshuru, kwenye maeneo yaliyoshikwa na walewale aliowataja mkimbizi yule. Video bado ipo, na ukungu wake.

Mimi nawafundisha hivi, na wanaona nawasumbua. Rekodi sauti kwanza, kamera ikiwa mkobani. Andika alichosema, mpe mwanamke mwingine wa lafudhi hiyohiyo aisome, na umwambie msikilizaji kwamba ni msomaji. Kwa picha, chukua vitu ambavyo si vya mtu mmoja: magurudumu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yakigonga barabara ya mawe, bidoni (madumu) za njano zimepangwa ukingoni mwa Ziwa Kivu. Soko lipige picha siku nyingine, ikiwezekana lisiwe soko lake. Ukimaliza, mwonyeshe kwenye simu na umuulize swali moja: "Mwanao akiona hii, atasema ni mama?" Akicheka akasema ndiyo, rudi ukahariri.

Na ile faili ya kwanza, isiyo na ukungu, iko wapi? Kwenye simu yako, unayopita nayo kwenye vizuizi vya barabarani. "Nimeifuta." Umeipeleka kwenye kapu la vilivyofutwa, inakaa humo wiki kadhaa. Fungua kapu, futa tena.

Mengine nayapitia haraka, maana nimechoka.

"WhatsApp hufuta taarifa za picha." Ukiituma kama picha ya kawaida, ndiyo. Lakini nyie mnaituma kama dokyumenti ili ubora usishuke, na hapo saa iliyopigwa inasafiri nayo, pamoja na mahali ikiwa hukuzima.

"Alikubali mwenyewe." Alikubali kuongea nawe, mtu mmoja mwenye adabu aliyenunua fungu lake la makala. Ulimwambia itakuwa Facebook, na kwamba binamu wa yule anayemwogopa naye ana Facebook?

"Maisha ya kawaida ni habari laini, tungoje mabomu." Benki za Goma zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, mwalimu mwenye mshahara kwenye akaunti hakuwa na noti ya kununulia unga. Watu walivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta fedha taslimu, au wakamwachia wakala wa pesa za simu sehemu ya pesa yao. Niambie ulaini uko wapi hapo.

"Bila kamera kubwa haiwezekani." Kamera kubwa Goma inakusanya watu kama harusi. Simu inatosha, ila nunua kinasa sauti.

"Sauti mbovu, nitaweka muziki." Juzi mmoja aliniwekea kinanda cha huzuni juu ya foleni ya maji. Nikamwambia akitoe. Chini yake wanawake walikuwa wakigombana nani alitangulia, bidoni zikigongana, mmoja akicheka. Kijana alikuwa amerekodi dakika sita za hayo na hakuwahi kuzisikiliza.