Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki na njia ya kwenda Chindwin

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki ambalo wananchi walilifupisha kuwa "Keya", lilikuwa jeshi dogo lililozoea kulinda mipaka ya makoloni. Kabla ya vita kwisha lilikuwa limefikisha vikosi zaidi ya 40, na sehemu ya vijana walioandikishwa kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) iliunganishwa Februari 1943 kuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye brigedi za 21, 25 na 26 na nembo ya kichwa cha kifaru.

Divisheni ilipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kujifunza vita vya msituni. Bahari yenyewe haikuwa salama: tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikiwa na wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama kwa muda usiotimia dakika mbili. Watu karibu 1,300 walikufa.

Katikati ya mwaka 1944 divisheni, chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes, iliingia Burma (Myanmar ya leo) na kuwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kupitia bonde la Kabaw. Hapo adui mkubwa, kwa maoni yangu, hakuwa Mjapani bali mvua za monsuni. Barabara iligeuka tope, malori yakakwama, malaria ikaenea, na chakula na risasi vikawa vinadondoshwa na ndege kwa miavuli. Askari walikata magogo na kuyalaza barabarani, gogo kwa gogo, ili magari yapite.

Amri nyingi zilitolewa kwa Kiswahili chepesi cha kambini, ambacho maofisa wa Kiingereza nao walilazimika kukijifunza. Vikosi vya Nyasaland vilikuwa na Kinyanja chao pia. Askari wa lugha nyingi za nyumbani walisikilizana kwa Kiswahili hicho hata walipokuwa maelfu ya kilomita kutoka kwao.

Desemba 1944 divisheni iliuteka mji wa Kalewa na kuvuka mto Chindwin, ambako wahandisi walijenga daraja la Bailey, yaani daraja la vipande vya chuma vinavyounganishwa papo hapo, lenye urefu wa futi 1,154, refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo wakati huo. Baada ya kuvuka, divisheni iliyochoka ilirudishwa India kupumzika.